Mashine Haijachomekwa, Watu Wameshaungama

Kwa wewe ambaye gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, nakukumbusha. Mimi ni Gracieuse, msusi wa nywele hapa Point, Durban. Nilizaliwa Uvira, Kongo, nikaletwa huku nikiwa mgongoni kwa Mama, na leo ni raia wa Afrika Kusini kwa karatasi na mgeni kwa lafudhi. Niliomba kazi ya upolisi wa mji. Kwenye mbio zao kiatu changu kiliachia soli katikati ya uwanja, nikamaliza na soksi, nikapita. Daktari wao akanisikiliza moyo, akasema hauna neno, nikapita.

Halafu Jumatatu simu ikalia. Mwanamke mwenye sauti laini ya watu wa benki akanipongeza, akasema imebaki hatua moja tu, Ijumaa asubuhi: mashine ya kupima uongo.

Nikasema asante sana. Nikakata simu. Nikaenda chooni.

Nielewe vizuri. Sikukimbilia chooni kwa sababu nilikuwa na kitu cha kuficha. Nasema kwa masikitiko, sikuwa na kitu. Nina miaka ishirini na sita na sijawahi kuiba hata kitana cha saluni. Bangi naijua kwa harufu ya majirani. Kwenye robot za barabarani nasubiri taa ya kijani hata barabara ikiwa tupu, watu wakinipita na kunicheka. Kama kungekuwa na mashindano ya maisha yasiyo na habari, ningeiwakilisha Point.

Na kazi hii niliitaka, jamani. Niliitaka mpaka nikawa naota sare. Tangu nikiwa msichana wa shule polisi wananisimamisha barabarani na kuniuliza karatasi. Nazitoa, wanazigeuzageuza, wanazinusa. Nilitaka kabla sijazeeka nisimame upande wa pili wa swali hilo, halafu nimwambie mtu, kwa upole kabisa, "Pita, mama, iko sawa."

Kosa langu lilikuwa kumwambia Mama.

Mama yangu anaitwa Blandina. Anauza ndagala na majani ya sombe nje ya kanisa letu, na hizo ndizo kazi zake ndogo. Kazi yake kubwa ni kusambaza habari. Ukitaka jambo lifike Clairwood, upande wa pili wa mji, kabla ya chakula cha mchana, mnong'oneze Mama, halafu mwambie ni siri.

"Mashine inapima uongo?" aliniuliza. "Inaupimaje?"

"Wanakufunga mipira kifuani, wanakuuliza maswali. Ukidanganya, moyo unaruka, mashine inaandika."

"Yesu! Na ukinyamaza?"

"Hata ukinyamaza inaona moyo."

Basi. Hayo tu ndiyo niliyosema. Kufikia Jumanne asubuhi, Point nzima ilikuwa inajua kwamba serikali imeleta mashine ya kweli, kwamba Gracieuse atafungwa nyaya, na kwamba mashine itamtoa moyoni kila alichowahi kuona, kusikia na kuhisi tangu alipoachishwa ziwa. Pamoja na ya majirani.

Wa kwanza kuja alikuwa Prodige.

Prodige ni fundi simu, duka lake limebanana na saluni yetu. Ni kijana mwenye mke na mapacha, mpole, simu yangu huitengeneza bure. Alisubiri mteja wangu aingie kwenye kikaushio cha nywele, asiweze kusikia. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akanisogelea.

"Yaya, wewe ni dada yangu, iko kitu nataka kukuomba."

"Omba."

"Ile siku ya mashine. Zile simu za boksi la bluu, tafadhali usizitaje."

"Simu gani?"

"Zile zilishukaka bandarini bila kupita kwa mlango."

"Prodige, mimi sijui simu zozote za boksi la bluu."

Akanitazama. Nikamtazama.

"Hukujua?"

"Sikujua."

"Eish."

"Sasa najua."

"Mais unaweza kusahau, si ndiyo? Yaya? Mpaka Ijumaa iko muda."

Nikamwambia nitajaribu. Na hebu wewe msomaji jaribu kusahau boksi la bluu. Jaribu sasa hivi, tuone.

Siku ileile akaja Pasta Ndikumana, na chupa yake ya mafuta ya upako. Alikuja kuniombea kwa ajili ya mtihani, alisema. Wateja wote wakafumba macho, hata yule aliyekuwa nusu kichwa kimesukwa. Pasta akanishika utosi, akaomba kwa sauti ya kutikisa vioo. Katikati ya maombi akainama sikioni mwangu, akashusha sauti.

"Binti yangu, je, wanauliza na habari za kanisa?"

"Sijui, Pasta."

"Kwa sababu haya mafuta ya Yerusalemu..."

"Yana nini?"

"Hayajawahi kufika Yerusalemu."

Nikafumbua jicho moja. "Yametoka wapi?"

"Clairwood. Duka la jumla. Ni alizeti."

Miaka yote hiyo! Nilipakwa nikiumwa homa, nikapakwa siku ya kwenda kula kiapo cha uraia, na Mama amepakwa goti lake mpaka goti limekuwa laini. Kumbe tulikuwa tunasubiri kukaangwa.

"Lakini kinachofanya kazi ni imani yako," Pasta akanong'ona, akanipaka. Kisha akapaza sauti, "Aamin!" na saluni nzima ikaitikia.

Baada ya hapo mlango haukufungwa. Jirani wa ghorofa ya chini, mjane tuliyemchangia msiba mwaka jana, alikuja kuniomba nisiseme kwamba marehemu yuko Johannesburg na anaendelea vizuri. Mwenye saluni ya mkabala akaungama kwamba nywele zake za Brazil ni plastiki tupu. Hilo nilikuwa nalijua, kila aliyewahi kuziwekea pasi analijua. Lakini nilimshukuru kwa uaminifu wake.

Unaona kilichotokea? Jumatatu nilikuwa mtu safi, mwenye roho nyeupe, sijui chochote cha mtu yeyote. Watu walikuja mmoja mmoja kuniomba nisiseme nisichokijua, na ili waniombe nisikiseme, ilibidi kwanza waniambie. Akili za watu wangu! Nawapenda sana, na ningewafunga wote.

Jumatano akaja Alain.

Kwa mnaonifuata tangu mwanzo, Alain hahitaji utambulisho. Kwa wengine: ni mchumba wangu, dereva wa lori pale Clairwood. Wazee walikuwa wameshakaa, wameshazungumza, ndoa ilikuwa iwe Desemba. Alikuja na kuku wa kuchoma. Nilipaswa kushtuka hapo hapo. Alain hajawahi kuniletea kuku bila kuwa amegonga kitu na lori.

"Chérie, ile mashine. Inauliza na mambo ya mapenzi?"

"Sijui, Alain. Kula."

"Maana kama inauliza, ni bora usikie kutoka kwangu."

Nikaweka paja la kuku chini.

"Nisikie nini?"

"Kuna mtu anaitwa Ineza. Pale kantini ya madereva."

"Ineza ni nani?"

"Ni mtu wa kawaida tu."

"Wa kawaida vipi?"

"Wa kawaida. Ana mimba."

Sasa niambieni ninyi. Mashine ilikuwa inipime mimi! Mimi, si yeye! Mwanaume huyu angefumba mdomo wake wiki moja tu, ningeolewa Desemba kwa shangwe, bila kujua lolote, nikicheza mbele ya watu. Lakini hapana. Amesikia kuna mashine mahali fulani mjini, inayomsubiri mtu mwingine, kwa maswali mengine, na yeye ameungama huku anatafuna.

Niliumia. Hapo sina utani. Nilimpenda Alain, nilikuwa nimeshamchagulia rangi ya tai. Nililia mpaka Mama akaja kukaa kitandani kwangu, akanishika kichwa na kukiweka mapajani mwake kama nilipokuwa mdogo, asiseme neno, na Mama kutosema neno ni kazi nzito. Alain aliondoka na pete yake. Kuku nilibaki naye, kuku hakuwa na kosa.

Kufikia Alhamisi basi hali yangu ilikuwa hivi. Msichana mmoja mteja wetu, ambaye alishapimwa na mashine hiyo alipoomba kazi ya ulinzi, aliniambia lipo swali ambalo lazima waulize: "Je, unajua uhalifu wowote ambao hukuuripoti?" Jumatatu ningejibu hapana huku napiga miayo. Sasa nilikuwa najua mambo mengi kuliko kituo kizima cha polisi. Nikisema hapana, moyo utaruka na kazi imekwenda. Nikisema ndiyo, watauliza ni uhalifu gani, na Prodige ataacha mapacha wake kwa ajili ya boksi la bluu.

Nikaanza kufunga mlango. Aliyebisha hodi nilimjibu kwa ndani, "Kama umekuja kuungama, nenda kanisani! Mafuta ni ya alizeti lakini viti ni bure!"

Simu nayo haikuniacha salama. Jioni mama mdogo Goreth alituma ujumbe wa sauti. Goreth ni mdogo wake Mama, alibaki Uvira, na kila Jumapili hunitumia sauti akianza kulia kabla hajamaliza salamu. Mama husema mdogo wake alizaliwa na machozi ya watu wawili. Mara hii haikuwa Jumapili, na ujumbe haukuja kwangu, ulikuja kwa Mama. Aliusikiliza bafuni, bomba likiwa wazi. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, akasema sabuni ya siku hizi ni mbaya.

Sikumuuliza. Nilikuwa na siri za kutosha, nashukuru.

Ijumaa asubuhi nikavaa shati jeupe, nikafunga nywele, nikashika mlango.

"Grâce," Mama akaniita. "Kabla hujaenda, iko neno nataka kukuambia."

Na wewe, Mama? Na wewe pia?

"Usiniambie!"

"Lakini ni neno dogo..."

"Mama, hata kama umeua mtu! Hata kama umemzika chini ya kitanda! Utaniambia nikirudi!"

Nikaziba masikio kwa vidole, nikashuka ngazi zote nikiimba pambio kwa nguvu ili nisisikie sauti yake nyuma yangu. Mjane wa ghorofa ya chini alichungulia, akarudi ndani haraka.

Nilikwenda kwa mguu, ofisi haiko mbali na bandari. Na njia nzima nikawa nafanya kile ambacho mtu mwenye akili hafanyi. Nikawa nabahatisha. Mama anataka kuniambia nini? Ameuza nini? Amemkopa nani? Anaumwa? Mama hajawahi kuanza na "iko neno". Mama huanza na neno lenyewe.

Mpimaji alikuwa mzee wa Kihindi, Bwana Moonsamy, mwenye sweta lisilo na mikono na miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi. Chumba kilikuwa na baridi ya bucha. Tulizungumza Kiingereza, mimi nawaandikia kwa lugha ya wanadamu.

"Habari za asubuhi, Gracieuse?"

"Nzuri."

"Kweli nzuri?"

Nikafikiria. Kwetu mtu akiulizwa habari anasema nzuri hata kama nyumba inaungua nyuma yake, adabu ndiyo inavyotaka. Lakini mashine ilikuwa pale mezani.

"Si nzuri," nikasema. "Mchumba wangu amempa mimba mwanamke mwingine, sijalala, na nasikia baridi."

"Nashukuru kwa ukweli," akasema Bwana Moonsamy, akachukua vidole vyangu. "Una mafuta mikononi?"

"Ni ya upako. Ya Yerusalemu."

Nikashukuru Mungu kwamba mashine ilikuwa bado haijachomekwa. Akanifuta kwa karatasi ya spiriti.

Kumbe kabla ya kufungwa nyaya wanakusomea maswali yote. Hakuna la kukushtukiza. Wizi, dawa za kulevya, rushwa, yote unaambiwa mapema, na kama swali linakukera unasema. Tulipofika kwenye lile la uhalifu usioripotiwa, nikamwambia linanikera.

"Kwa nini?"

"Bwana, tangu watu wasikie habari za mashine yako, mtaa mzima umekuja kuungama kwangu."

Alicheka mpaka miwani ikacheza kifuani.

"Binti, mimi nusu ya watu wangu huungama kabla sijachomeka waya. Jana mmoja aliungamia kwenye lifti. Hizi nyaya ni sehemu ndogo tu ya kazi." Akajifuta macho. "Wewe mwenyewe umeona kosa lolote kwa macho yako?"

"Sijaona. Nimesikia tu midomo ya watu."

"Basi nitakuuliza ulichoona kwa macho yako. Umbea si kazi yangu."

Jamani! Nilitaka kumkumbatia. Prodige ameokoka, mapacha wameokoka, mimi nimeokoka. Boksi la bluu likanitoka kichwani hapo hapo, kama nilivyoombwa.

"Sasa haya ya mwisho ni rahisi," akaendelea. "Nayachanganya na yale magumu ili mashine ione moyo wako ukisema kweli ukoje. Jina lako ni Gracieuse. Taa zimewaka. Mama yako ni Blandina."

Hapa sasa nilitia ujuaji wangu.

"Mama yupi?" nikamuuliza.

"Una mama wangapi?"

"Kwetu ni wengi. Dada wa mama ni mama mkubwa, mdogo wake ni mama mdogo, na mwenye duka ukimwita mama humkosei. Ukiniuliza mama yangu nitajibu ndiyo kwa wote, halafu mashine yako itachanganyikiwa."

Nilijisikia polisi kabisa. Mpelelezi! Bwana Moonsamy alivutiwa, akatikisa kichwa, akaandika.

"Umesema vizuri sana. Basi tulinyooshe: 'Blandina ndiye aliyekuzaa?' Hilo linakufaa?"

"Linanifaa."

Akanifunga mipira miwili kifuani, kitambaa cha presha mkononi, vibati vidoleni. Akaniambia nitazame ukutani, nijibu ndiyo au hapana, nisitikisike.

"Taa zimewaka?"

"Ndiyo."

"Umewahi kuiba kazini?"

"Hapana."

"Blandina ndiye aliyekuzaa?"

Na nikamwona Mama mlangoni. Iko neno nataka kukuambia. Neno gani, Mama? Moyo, ule moyo usio na neno wa daktari, ukapiga ngumi mbavuni.

"Ndiyo," nikasema, na sauti ikatoka kama ya mwizi.

Alirudia maswali yote, akayarudia tena. Kila tulipokaribia lile la Mama nililiona linakuja kwa mbali, na kadiri nilivyojiambia tulia, Gracieuse, ndivyo nilivyozidi kutetemeka. Kwenye bangi nilikuwa shwari. Kwenye rushwa karibu nisinzie.

Bwana Moonsamy alinifungua nyaya bila kucheka tena. Alikuwa anatazama mistari kwenye kioo chake.

"Kazi hii nimeifanya muda mrefu," akasema. "Watu huanguka kwenye wizi. Huanguka kwenye dawa. Wewe umeanguka kwa mama yako."

"Ni woga tu, Bwana. Asubuhi alitaka kuniambia jambo, nikamkimbia."

"Inawezekana. Lakini hili ndilo lilikuwa swali la kunionyesha ukweli wako. Likiwa chafu, mengine siwezi kuyalinganisha na kitu." Akavua miwani. "Rudi Jumatatu. Nenda kamsikilize mama yako, utulie, tupime upya. Nitauliza swali lilelile."

"Na likiruka tena?"

Aliifuta miwani kwa sweta kabla ya kujibu. Alikuwa mtu mwema, na ndiyo maana niliogopa.

"Uraia wako umetokana na yeye, sivyo? Uliingia nchi hii kama mtoto wake. Likiruka tena Jumatatu, halitakuwa tena jambo la kazi. Nitalazimika kulipeleka kwa wenye kuuliza karatasi."

Nikashuka ngazi nimekasirika. Si kwa Bwana Moonsamy, kwa Mama. Kazi ilikuwa mkononi! Nimevuka mbio, nimevuka daktari, nimevuka boksi la bluu, nimevuka hata Alain, na mwanamke huyu ameniangusha kwa sentensi ambayo hata hakuimaliza.

Naye alikuwa ameketi nje kwenye ukuta mfupi, bakuli la maandazi mapajani, kitambaa chake cha kanisani kichwani. Aliniona, akasimama.

"Umetoka! Walikuuliza nini?"

"Mama, kwanza wewe. Asubuhi ulitaka kuniambia nini?"

"Asubuhi?"

"Mlangoni. Iko neno, iko neno."

"Aa, ile!" Akafunua bakuli, akanipa andazi. "Nilitaka kukuambia uvae soksi nzito. Ofisi za watu hawa ziko na baridi ya frigo. Ukakimbia ukiimba kama mwehu."

Soksi.

Nilikaa pale ukutani nikacheka mpaka andazi likanipalia. Mama akanipiga mgongoni. Nikacheka tena. Soksi! Nilitembea njia nzima nikimzika mtu chini ya kitanda, nikaenda kutetemeka mbele ya serikali, kwa ajili ya soksi! Jumatatu nitarudi nimevaa jozi mbili, nitajibu nikitabasamu, na jambo limekwisha. Sikumbuki lini nilikuwa na raha hivyo.

"Sasa unacheka nini? Umepita?"

"Sijapita, Mama! Nimeanguka kwa sababu ya soksi zako!" Nikajifuta machozi. "Wizi nimepita. Bangi nimepita. Unajua nimeanguka wapi? Mashine imesema wewe hukunizaa!"

Nikasubiri acheke. Nikasubiri aitukane mashine, na aliyeitengeneza, na aliyeichomeka. Mama ana matusi ya Uvira ambayo hata Pasta hujifanya hayasikii.

Hakucheka.

Alifunika bakuli taratibu, akaliweka juu ya ukuta. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akanisogelea.

"Grâce," akaninong'oneza, "mashine imejuaje?"

Nikamtazama. Andazi lilikuwa bado mkononi, nusu limeumwa.

"Ni Goreth ameiambia?"